Barua ya Kuhamia

Mama mmoja alianza dawa za TB hapa Kitengela. Dawa hizo humezwa miezi 6 bila kukatiza. Zikikatizwa, vidudu huzoea dawa. Ukame ukaja, mzee akahamisha ng'ombe kuelekea Kajiado, mama naye akafuata. Kule dispensari akaulizwa, "Barua iko wapi?" Hakuwa nayo. Siku zikaenda bila dawa.

Makosa yalikuwa yetu. Tulijua boma linahama, tukanyamaza tu. Basi, mkisikia mgonjwa anasafiri, mwambieni nesi mapema. Aandike: anameza dawa gani, alianza lini, amebakiza miezi mingapi. Halafu apige simu huko aendako, aulize kama amefika. Asipofika, mhudumu wa afya wa kijiji amtafute bomani.