MAZUNGUMZO KWA WENYE BOTI NA MANAHODHA: KATI YA BOTI MBILI ZINAZOFANANA, INUNULIWE IPI?

Haya ni maelezo yaliyotolewa Mji Mkongwe, Zanzibar, mbele ya wenye boti, manahodha na wawakilishi wa vikundi vya wavuvi wanaokusudia kuingia katika uvuvi wa michezo. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.





Nimetakiwa nizungumze juu ya suala ambalo vikundi vingi huliuliza vinapokaribia kutoa fedha. Zikiletwa boti mbili za faiba zenye urefu mmoja, nguvu moja na bei zinazokaribiana, kitazamwe kitu gani hata moja ichukuliwe na nyingine iachwe? Suala hili si dogo. Fedha hizo aghalabu ni mkopo utakaorejeshwa kwa miaka, na chombo kitakachonunuliwa kitabeba roho za watu, wenyeji na wageni.

Tuchukue mfano. Boti ya kwanza ina urefu wa futi 26 na mashine moja ya kupachika yenye nguvu za farasi 150. Boti ya pili ina urefu huo huo na mashine mbili za nguvu za farasi 75 kila moja. Zote hutumia petroli na zote ni za mipigo minne. Katika karatasi za muuzaji tofauti yao haionekani. Tofauti hiyo imo baharini, na ndiko tutakakoanzia.

Wavuvi wa Nungwi na Mkokotoni wanaijua bahari ya kaskazini ya Unguja na mkondo wa Pemba. Huko ndiko wageni wanakopenda kwenda kutafuta nduaro, sulisuli, jodari na nguru. Maji ya pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi mwendo wake hupungua. Wakati wa kusi huzidi, na huweza kufika maili nne za bahari kwa saa. Boti iliyozimikiwa na mashine huko hairudishwi nyumbani na maji. Wakati wa kusi upepo na mkondo huisukuma upande mmoja, nayo huzidi kuiacha Unguja. Wakati wa kaskazi upepo hupingana na mkondo, na mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima.

Bahari hiyo imekwisha kutufunza kwa msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikielekea Pemba na watu wengi kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Tarehe 18 Julai 2012, katika kusi, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe. Meli si boti ya futi 26, lakini funzo ni moja: uzito uliopakiwa na hali ya bahari ndivyo vinavyokihukumu chombo. Tukumbuke pia kwamba katika msiba wa 2011 boti ndogo za wavuvi na za hoteli zilitoka kwenda kuokoa watu. Anayenunua boti leo huenda kesho akaitwa kwa kazi kama hiyo.

Sasa tuzitazame boti zetu, na tuanze chini, kama wafanyavyo mafundi wa majahazi wa Nungwi ambao huukagua mkuku kabla ya rangi. Mwaka 1960 boti iliyosanifiwa na Mmarekani Raymond Hunt ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Ubora wake ulikuwa katika tumbo lake, lililochongoka kutoka omo mpaka tezi. Tangu hapo umbo hilo limeenea duniani. Tumbo lililochongoka sana hulikata wimbi kwa upole, lakini chombo hutaka nguvu zaidi na huyumba kinaposimama. Tumbo lililo bapa zaidi hutulia likisimama na hutumia mafuta kidogo, lakini hupiga maji kwa kishindo kinapokimbizwa dhidi ya wimbi. Basi mnunuzi aulize: boti yangu itakuwa ikikimbia muda mwingi, au itakuwa ikikokota chambo polepole? Katika uvuvi wa michezo saa nyingi ni za kukokota. Mgeni akitapika tangu asubuhi kwa kuyumbayumba, hatarudi tena.

Jambo la pili ni uzito wa tezi. Mashine moja ya 150 ina uzito wa kiasi cha kilo 220. Mashine mbili za 75 pamoja hufika kiasi cha kilo 320 au zaidi. Hizo kilo mia ni kama mtu mmoja na nusu aliyekaa daima nyuma kabisa ya boti. Ikiwa boti haikuundwa kwa uzito huo, tezi italala na wimbi la nyuma litaingia. Kwa hiyo tusitazame idadi ya mashine peke yake; tutazame pia kama matundu ya kutolea maji yanabaki juu ya maji boti ikiwa imejaa watu, barafu na mafuta.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kujua kinachobaki mashine inapozimika. Boti ya kwanza, mashine yake ikifa, haina kitu. Boti ya pili hubakiwa na farasi 75. Haitaweza tena kupanda juu ya maji na kukimbia, lakini itakwenda kwa mwendo wa maili tano au sita kwa saa, na hapo nahodha ana matumaini ya kuushinda mkondo au kuukata kwa ubavu mpaka afike pwani. Hata hivyo tusidanganyike. Mashine mbili zinazokunywa kutoka tangi moja, kupitia kichujio kimoja, na kuwashwa kwa betri moja, huzimika pamoja siku petroli ikiwa na maji. Mashine mbili huwa mbili kweli pale tu kila moja ina tangi lake, kichujio chake na betri yake. Na anayenunua boti ya kwanza anaweza kuipunguza hatari yake kwa kupachika pembeni mashine ndogo ya akiba, yenye tangi lake mwenyewe, na kuiwasha kila wiki ili asiikute imeganda siku ya haja.

Jambo la nne ni mafuta. Mashine ya mipigo minne ya farasi 150, ikifunguliwa mwisho, hula kiasi cha lita 55 kwa saa. Kwa mwendo wa wastani tukadirie lita 30, na kwa kukokota chambo lita 10. Safari ya saa moja kwenda, saa moja kurudi na saa tano za kukokota itakula lita 110. Desturi njema ya mabaharia ni theluthi moja ya kwendea, theluthi moja ya kurudia na theluthi moja isiyoguswa. Basi lita 110 ziwe theluthi mbili tu, na boti itoke bandarini na lita 165. Mashine mbili zenye jumla ya nguvu ile ile kwa kawaida hula zaidi kidogo. Kikundi kiandike hesabu hii kabla ya kupanga nauli ya mgeni.

Jambo la tano ni matengenezo. Mashine hizi hutaka huduma baada ya saa 20 za mwanzo, na baadaye kila saa 100 au kila mwaka. Mwenye mashine mbili atanunua kila kitu mara mbili: oili, plagi, vichujio na mpira wa pampu ya maji. Ichaguliwe mashine ambayo mafundi wetu wanaijua na vipuri vyake vinapatikana hapa Unguja. Mashine nzuri inayongoja kipuri kutoka ng'ambo katikati ya msimu haimlipi mwenye mkopo.

Jambo la sita ni kuelea. Mwaka 1961 gazeti la Life la Marekani lilichapisha picha za boti ya Boston Whaler ikikatwa vipande viwili kwa msumeno huku mwenye kampuni amekaa ndani yake, na vipande vikaendelea kuelea, kwa kuwa baina ya kuta zake mlijazwa povu gumu. Muuzaji aulizwe: boti hii ikijaa maji, itaelea na watu wake? Asiyeweza kuonyesha mahali penye povu au vyumba vya hewa asiaminiwe kwa maneno.

Ndugu wananchi, baada ya maswali haya yafuate majaribio, na yasifanywe bandarini asubuhi ya maji mafu. Boti zote mbili zitolewe siku moja, wakati wa bamvua, zikiwa na watu kamili na mafuta kamili. Zikifika nje, mashine zizimwe nusu saa, zitazamwe zinavyolala. Watu wote wahamie ubavu mmoja, ionekane zinainama kiasi gani. Boti ya mashine mbili iendeshwe kwa moja tu dhidi ya mkondo, na mwendo upimwe. Kabla ya kutoka matangi yajazwe pomoni, na baada ya kurudi yajazwe tena, ili ijulikane kila moja imekula lita ngapi. Wakati wa maji kupwa iangaliwe kama mashine zinanyanyuka vizuri, kwani fukwe zetu nyingi hukauka. Mwisho, ubao wa tezi ugongwe kwa nyundo ndogo kila mahali. Sauti kavu ni dalili njema. Sauti nzito yaweza kuwa dalili ya mbao iliyooza ndani ya faiba.

Je, inunuliwe ipi? Kwa kikundi cha Nungwi kinachokwenda mbali, chenye boti moja tu na kisichokuwa na mwenzake wa kukivuta, ushauri wetu ni boti ya pili, kwa sharti la matangi mawili na tezi inayobeba uzito, hata kama gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa anayefanya kazi karibu na Mji Mkongwe, upande wa Bawe na Changuu, mahali ambapo vyombo hupita mchana kutwa, boti ya kwanza yenye mashine ndogo ya akiba inatosha, na fedha zinazosalia zinunue redio ya upepo, maboya ya kuvaa na fataki za kuombea msaada. Akumbuke kwamba mwamba wa Chumbe, uliotangazwa hifadhi mwaka 1994, si mahali pa kuvua. Na boti yoyote itakayonunuliwa ipelekwe kukaguliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini kabla ya kupakia mtu.

Wazee wetu walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Muuzaji ataisifu boti yake kwa mbio za kwendea. Mnunuzi aijaribu kwa marejeo.