Vichaka vya Maua Katika Nchi ya Baridi



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya bustani za maua, nasi twajua wapo watakaouliza wakulima wa viazi na pareto wana haja gani na maua. Jibu letu ni fupi. Mwanachama huchukua sehemu ya fedha za mavuno yake akanunua miche mizuri iliyoletwa kutoka pwani, akaipanda mbele ya nyumba, na ifikapo Julai huikuta imekuwa myeusi kana kwamba imemwagiwa maji ya moto. Mwaka wa pili hurudia. Mwaka wa tatu hukata tamaa, na uwanja wa nyumba ukabaki vumbi. Fedha hizo ni jasho la mtu.

Nchi yetu hii ya Njombe na Makete si pwani. Uwanda wa Kitulo uko yapata mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti sakitu, yaani umande ulioganda, huonekana alfajiri juu ya majani. Bogonvilia haiwezi kustahimili hayo. Haidrenjia, mwaridi na fushia huweza. Hata ncha zikiungua, shina huchipua tena. Kadhalika kipo kichaka chetu wenyewe cha milimani chenye maua makubwa ya manjano, ambacho wataalamu hukiita Hypericum revolutum. Twashangaa kwamba watu hukifyeka ili wapande mgeni asiyeijua baridi.

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo pandeni katika mteremko, wala si chini kabisa. Tena, aliyezungushia bustani yake ua mnene upande wa chini ameijengea baridi bwawa. Na aache mwanya ipite. Jioni za anga jeupe lisilo wingu wala upepo, funikeni miche michanga kwa magunia au nyasi kabla jua halijatua, na kufunua asubuhi.

Matawi yaliyoungua yasikatwe upesi. Ukiyakata Julai, mti huchipua machipukizi mororo ambayo sakitu ya wiki ijayo huyala. Ngojeni mpaka Septemba au Oktoba, mvua zikikaribia. Mwaridi hupogolewa sana wakati huo, lakini haidrenjia ya kawaida haitaki hivyo: macho ya maua yake hukaa katika matawi ya mwaka uliopita, na mwenye kuikata mpaka chini hupata majani matupu. Ondoeni vichwa vilivyokauka, basi.

Juu ya rangi ya haidrenjia tumesikia maneno mengi, hata ya uchawi baina ya majirani. Udongo wetu wenye uchachu huleta maua ya buluu. Mama anayemwaga majivu ya jikoni penye mizizi huupunguza uchachu huo, na baada ya muda maua yakawa ya waridi. Jirani hana hatia.

Lipo neno moja la kusema kwa ukali. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na hairuhusiwi kung'oa mmea humo, hata kwa mapenzi ya maua. Wala hapana haja. Tawi la haidrenjia au fushia lenye urefu wa kalamu, majani ya chini yakiondolewa na macho mawili yakifukiwa kivulini katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi kwa muda wa wiki chache. Jirani hatakuuzia, atakupa.

Nasi tumeleta matawi kadha wa kadha. Yamo ndooni, nyuma ya ghala, upande wenye kivuli. Kila nyumba ichukue mawili, na tafadhali msiyaache juani wakati wa chakula.