Muwa Hausubiri Faili: Ukaguzi wa Wazabuni na Miwa ya Ruembe



Sisi watu wa ununuzi na ugavi tunapenda faili. Leseni ipo, mkataba una mihuri, basi mzabuni amekaguliwa. Leo natamani tutoke ofisini, tushike barabara ya Mikumi kwenda Kidatu hadi kiwanda cha sukari cha Ruembe, upande wa Kilosa wa Mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kazi mwaka 1976. Wanaokilisha, mbali na mashamba yake chenyewe, ni maelfu ya wakulima wadogo, na mali yao huanza kuharibika siku ileile inapokatwa.

Muwa ukishachomwa moto na kukatwa, saa zinahesabika. Sukari iliyomo huanza kuvunjika, na bakteria wanaoingia palipopita panga hutengeneza utelezi unaoifanya juisi iwe nzito na chembe zigome kuganda. Inafaa ufike kinuni ndani ya siku moja au mbili. Ukichelewa, nani kauchelewesha? Kikundi cha wakataji? Trekta lililokwama topeni? Au foleni ya malori langoni kwa kuwa kinu kimesimama? Sampuli ya maabara haijibu hayo. Inasema tu kwamba sukari imepungua, na malipo ya mkulima yanapungua nayo. Tunadhani tumemkagua mkulima, kumbe tumepima safari nzima na kumtoza mtu mmoja.

Ukaguzi wa kweli huanzia kwenye mbegu. Kwa miaka mingi wakulima wa bonde hili wamepanda NCo 376, aina inayoshambuliwa kwa urahisi na ugonjwa wa fugwe. Vipando huombwa kwa jirani, na ugonjwa huvuka mpaka pamoja navyo. Mkaguzi aliyefika wakati wa kupanda angeuzuia. Anayengoja langoni anaandika hasara tu.

Kisha barabara. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 zilisimamisha uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika nchini, serikali ikaruhusu iagizwe kutoka nje. Miwa ilikuwa imesimama mashambani. Haikuwa na pa kupita. Fomu ya ukaguzi isiyouliza habari za makalvati haijauliza kitu.

Suala hili la ukaguzi linazidi kuwa zito. Upanuzi wa kampuni ya sukari ya Kilombero, yenye kiwanda hiki cha Ruembe, uliotangazwa 2021 ulilenga kuinua miwa ya wakulima wa nje kutoka tani 600,000 hadi 1,700,000 kwa mwaka. Kiwanda kinachomtegemea mkulima kiasi hicho nacho kikaguliwe. Wakala wa Vipimo huhakiki mizani, na ni vyema; lakini mkulima anastahili pia mwakilishi wake ndani ya maabara, anayeelewa anachokiona.

Wanafunzi wangu, msimu ukifunguliwa nendeni Ruembe. Kaeni langoni usiku kucha, mwandike kwenye karatasi kwa kila lori: shamba lilichomwa saa ngapi, miwa ilikatwa saa ngapi, ilipimwa saa ngapi. Nanyi wakulima, daini nakala ya karatasi hiyo kabla hamjasaini malipo.