Mafuta Yanayolinda Ngozi na Nywele

Tabaka la juu la ngozi lina mafuta yake ya asili: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasipotelee hewani. Sabuni kali na maji ya moto huyaondoa, ngozi ikapauka.

Kwa nywele, mafuta ya nazi yanastahili sifa zake za Pwani. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, yenye molekuli ndogo zilizonyooka, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupunguza upotevu wa protini nywele zinapooshwa. Mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo.

Ila mafuta hayaongezi maji. Yapakwe mara baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu.