Mazoezi Baada ya Kutibiwa Saratani



Leo tunazungumza juu ya wenzetu waliougua saratani, au kansa kama wengi tunavyosema, wakatibiwa, wakarudi nyumbani. Wapo. Wengine walikwenda mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, wengine Bugando, Mwanza. Wamekatwa titi, au wamechomwa mionzi, au wametiwa dawa ya mshipa miezi mingi. Wanarudi wamechoka, na uchovu huo hauishi kwa kulala usiku mmoja.

Sasa tunawafanyia nini? Nyumba moja inasema: "Mama, usinyanyue hata kijiko. Kaa mkekani." Nyumba ya pili inampa jembe na ndoo kesho yake. Zote zinakosea.

Anayekaa tu mkekani, misuli hunyauka na uchovu huzidi. Dawa yake, ajabu, ni kutembea. Mwaka 2025 madaktari walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa hasa Kanada na Australia. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kupewa dawa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitabu vya afya tu. La pili lilipewa vitabu hivyo na mtu wa kuwaongoza mazoezi kwa miaka 3. Baada ya miaka 8, katika kila watu 100 wa mazoezi, 90 walikuwa hai. Wa vitabu tu, 83. Watu 7 katika 100, jamani! Hiyo ni saratani ya utumbo. Hatusemi zote ni hivyo. Wala mazoezi hayachukui nafasi ya matibabu.

"Sisi tunalima, mazoezi ya nini tena?" Swali zuri. Kulima ni kazi ya mwili, kweli. Lakini shamba halikuulizi una nguvu kiasi gani. Mvua ikinyesha unalima mpaka uanguke. Mazoezi huanza kidogo: dakika 10, wiki ijayo 15, mpaka ufike 30, mara 3 kwa wiki. Tembea kwa mwendo ambao kuzungumza unaweza, kuimba huwezi.

Kina mama mliokatwa titi, tusikilizane hapa. Mkono wa upande ule hukakamaa. Daktari akisharuhusu, simama mbele ya ukuta, vidole vipande kama buibui, kila siku juu kidogo. Zamani waliambiwa wasibebe kitu maisha yao yote. Siku hizi inajulikana kwamba kuongeza uzito polepole hakuharibu mkono. Anza na chupa ya maji ya nusu lita. Ukivimba au ukiwa mwekundu, acha, nenda zahanati. Ndoo ya lita 20 watachukua waume, baiskeli wanazo.

Ambaye saratani imeingia mifupani amwulize daktari kwanza. Mwenye ganzi nyayoni avae viatu.

Tutaanza Jumamosi, saa 12 na nusu asubuhi, kutoka ofisi ya kijiji mpaka darajani na kurudi. Jirani amsindikize jirani. Atakayechoka njiani apumzike pale kwenye mwembe, tutampitia.