DAWA ILIYO SUMU
(Hotuba juu ya dawa za saratani, iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Busasamana)



Nimetakiwa niseme machache juu ya ugonjwa wa saratani, ambao hapa kwetu wengi huuita kanseri, na juu ya dawa zake. Ugonjwa wenyewe una mengi na wakati ni mchache; basi nitashika neno moja tu lisemwalo barazani na sokoni. Husemwa kwamba dawa za kanseri ni sumu. Kwamba mgonjwa aliyekwenda hospitali kwa miguu yake hurudi hana nywele, hana hamu ya chakula, ametapika hata amekauka. Kwa hiyo ni heri abaki nyumbani. Nusu ya kwanza ya neno hilo ni kweli tupu. Dawa hizo ni sumu, na daktari mwaminifu hatakataa. Nusu ya pili ndiyo niliyokuja kuipinga.

Sisi wa Busasamana hatuna ugeni na sumu yenye faida. Pareto ilimwayo katika ardhi hii ya volkano, maua yake hukaushwa, yakapelekwa kiwandani Musanze, ikatolewa humo dawa imwangushayo mdudu pasipo kumdhuru mwenye nyumba. Kwa nini mmoja afe na mwingine apone? Kwa sababu mishipa ya fahamu ya mdudu ni dhaifu zaidi mbele ya sumu ile, na ini la mwanadamu huivunja upesi. Viumbe wawili ni mbalimbali, na tofauti yao ndiyo mlango dawa ipitamo.

Saratani haina mlango mpana namna hiyo, nayo si mdudu aliyetoka nje. Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo mno viitwavyo seli, na kila seli huzaa kwa kugawanyika mbili, kwa kiasi na kwa wakati wake. Saratani ni seli ya mwili wenyewe iliyoacha adabu hiyo ikawa yagawanyika bila kukoma. Ni kama kiazi kilichoasi katikati ya viazi: majani ni yale yale, mzizi ni ule ule. Ukinyunyiza dawa ya kukiua, viazi vyema navyo vitaungua. Tofauti waliyoipata wataalamu ni ndogo, lakini yatosha: sehemu kubwa ya seli za mwili mzima zimetulia, na hizi zilizoasi hazitulii. Basi dawa nyingi za zamani zilitengenezwa ziipige seli wakati igawanyikapo.

Asili yake ni ya kutisha. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwarushia adui zao gesi ya haradali karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na madaktari waliopasua maiti wakaona uboho wa mifupa umekauka na chembe nyeupe za damu zimetoweka. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman walikuwa wakichunguza jamaa ya sumu hiyo, wakafikiri kwamba kiuacho chembe nyeupe za mtu mzima huenda kikaziua na zile zilizoasi. Mgonjwa wao wa kwanza uvimbe wake ulinywea kwa siku chache. Kisha ukarudi, naye akafariki. Tarehe 2 Desemba 1943 ndege za Kijerumani zilipiga bandari ya Bari, Italia, ikalipuka meli ya Kimarekani John Harvey iliyobeba mabomu ya gesi hiyo kwa siri. Daktari wa jeshi, Stewart Alexander, aliona katika damu ya majeruhi yale yale yaliyoonwa mwaka 1917. Hivyo silaha ikawa dawa, ingawa kwa miaka mingi iliahirisha mauti tu.

Habari ya kuponya kwa dawa peke yake yatugusa zaidi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitokea kwa jirani zetu, Kampala. Mwaka 1957 mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa katika hospitali ya Mulago amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote. Mwaka uliofuata aliandika habari za ugonjwa huo, ambao leo waitwa kwa jina lake. Kisu hakikufaa kitu, na Uganda wakati ule haikuwa na mashine ya miali. Zilibaki dawa. Watoto walipewa siklofosfamidi, ambayo ni kizazi cha sumu ile ya haradali. Wengine methotreksati, ambayo hujifanya kitamini ambacho seli hukihitaji ili igawanyike, nayo huila ikashindwa. Wengine vinkristini, iliyotolewa katika ua dogo la kisiwa cha Bukini, ndiyo Madagaska, nayo huzuia nyuzi zinazoivuta seli iwe mbili. Uvimbe ule waweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili, na kwa kasi hiyo hiyo ulijiweka mbele ya dawa. Mataya yalinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopata sindano moja au mbili tu waliishi miaka mingi bila ugonjwa kurudi.

Ndugu zangu, tafadhali msiichukue habari hiyo kuwa ruhusa ya kukatiza matibabu. Wengi ugonjwa uliwarudia. Ndiyo sababu mwaka 1967 ilifunguliwa pale Mulago nyumba maalumu ya matibabu hayo, chini ya Mmarekani John Ziegler na baadaye Mganda Charles Olweny, dawa zikatolewa kwa mchanganyiko na kwa zamu. Nyumba hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Hesabu ya zamu hizo ifahamike, maana ndipo wengi hukwama. Uvimbe wa sentimita moja una seli zipatazo bilioni moja. Dozi ikiua 99 katika kila 100, zimebaki milioni kumi. Mkono hauzihisi, picha ya hospitali haizioni, mgonjwa amenenepa na jirani wamekuja kumpongeza. Nazo milioni kumi zimo ndani zagawanyika. Dozi ya pili huua 99 katika 100 za hizo zilizobaki, na ya tatu vivyo hivyo. Basi aachaye zamu kwa kuwa uvimbe umetoweka ameacha mbegu shambani. Na mbona hazitolewi zote pamoja? Kwa sababu uboho wapaswa kupumzika, mara nyingi wiki tatu, upate kutengeneza damu mpya.

Hapo twaingia kwenye madhara. Mwilini zimo seli njema ambazo nazo hugawanyika upesi: za mzizi wa nywele, za kinywa na matumbo, na za uboho. Nywele hunyonyoka, na kwa kawaida huota tena miezi michache baada ya matibabu. Kinywa hufanya vidonda. Kutapika kuna dawa zake siku hizi, na mgonjwa anayetapika nyumbani kwa kuona haya kuzitaka anajionea bure. Kila dawa ina adhabu yake tena: vinkristini hufisha ganzi vidole na kufunga choo, siklofosfamidi huunguza kibofu, kwa hiyo mgonjwa hutakiwa anywe maji mengi, ile nyekundu iitwayo doksorubisini huweza kudhoofisha moyo, na madaktari huihesabu jumla yake tangu siku ya kwanza. Nyingine huathiri uzazi, na kijana aliyeoa au anayetaka kuoa ana haki ya kuuliza kabla hajaanza.

Watu huogopa upara. Mimi nasema waogope homa. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, takriban, chembe nyeupe hupungua mno, na askari wa mwili wakiwa wachache, mdudu mdogo wa kawaida huweza kuua kwa muda wa siku moja. Mgonjwa aliye katika zamu ya dawa akifikia joto la digrii 38, au akitetemeka kwa baridi hata bila kipimajoto, apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Gisenyi saa ile ile, usiku uwe usiku, mvua iwe mvua, na msemaji wa kwanza aseme: huyu yumo katika dawa za kanseri. Asipewe vidonge vya kushusha homa kisha mkangoja asubuhi. Vitaificha homa, ugonjwa uendelee.

Hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ilifungua kituo cha saratani mwaka 2012, na hapo nchi hii ilipata mahali pa matibabu haya vijijini. Safari kutoka kwetu ni ya milima, na kurudi kila baada ya wiki tatu si jambo jepesi kwa mwenye shamba na watoto. Hapa ndipo jumuiya yetu ina kazi. Nauli ya zamu ya tano ni ngumu kupatikana kuliko ya kwanza, kwa kuwa huruma ya watu huchoka mapema. Basi michango igawanywe tangu mwanzo kwa hesabu ya zamu zote.

Juu ya Ramadhani, Sheikh wetu yupo na atasema kwa elimu yake. Mimi nakumbusha tu kwamba ruhusa ya mgonjwa i wazi, na kwamba maji yale ya kulinda kibofu ni sehemu ya dawa.

Nanyi mnaouguza: kwa saa 48 baada ya sindano, mkojo na matapishi ya mgonjwa huwa na sumu ile. Vaeni glavu, nguo zake zifuliwe peke yake, na mwenye mimba asizishike. Lakini kula naye, kumshika mkono na kulala chumba kimoja naye hakuna dhara lolote. Mgonjwa aliyetengewa sahani yake pembeni ametengwa kwa ujinga. Na ikiwa mnampa miti shamba, mwambieni daktari jina lake, kwani iko inayopigana na dawa ndani ya ini.

Mwenye swali na aulize.