Kichwa cha Kila Siku na Sindano ya Kisogo



Hapa Lubudi mama akichoka na kichwa anakuja na neno moja: «Munganga, kichwa kinaniluma siku zote, unipike shindano kiishe.» Basi leo tuongee juu ya hiyo shindano. Iko kweli, lakini si ile mnayofikiri.

Nyuma ya kichwa, pale shingo inapoishia, kuna mishipa miwili ya fahamu, mmoja kuume, mmoja kushoto. Si mishipa ya damu. Kazi yake ni kupeleka habari ya maumivu toka ngozi ya kisogo mpaka ubongo. Munganga aliyejifunza kazi hii anachoma sindano nyembamba chini ya ngozi, karibu na mshipa, si ndani yake, na kutia dawa ya ganzi iitwayo lidokaini, ile ya kung'olea meno. Kisha dakika chache kisogo kinakufa ganzi. Ganzi yenyewe inaisha siku ileile, lakini kwa wengine maumivu yanakaa mbali siku nyingi, hata majuma. Kwa wengine hakuna kitu kinachobadilika. Inafaa zaidi kwa maumivu yanayoanzia kisogoni, na kwa kichwa cha upande mmoja chenye kutapika na kukimbia mwangaza.

Lakini sindano hii inanyamazisha tu. Kwanza tutafute kinacholeta maumivu. Mwenye homa apimwe malaria. Kama shingo nayo imekuwa ngumu, aletwe saa ileile. Mwingine anabeba mfuko wa makala kichwani, na shingo ndiyo inayolia. Mwingine tena anameza vinini kila siku. Sikieni hili, maana wengi hawalijui: vinini vya maumivu vikimezwa nusu ya siku za mwezi, mwezi kwa mwezi, vyenyewe vinaleta kichwa. Unameza kwa sababu kinaluma, kinaluma kwa sababu unameza.

Na wewe mwenye mimba! Mimba ikifika miezi mitano au zaidi, ukisikia kichwa kikali, macho yanaona nyota ao ukungu, uso na mikono inavimba, usingojee siku ya kupima mimba. Njoo upimwe tansiyo, hata usiku. Ikifika 140 juu ya 90, ni hatari. Sindano ya kisogo ingeweza kutuliza kichwa, na wewe ungerudi nyumbani ukifurahi, kumbe tansiyo iko palepale. Kifafa cha mimba kinafuata, nacho kinaua mama na mtoto. Hatari hii haiishi siku ya kuzaa; inaweza kuja hata majuma 6 nyuma yake.

Sasa yule bwana anayepita nyumba kwa nyumba na sindano mfukoni. Mumukatae. Sindano ya makalio ikichomwa pahali pabaya inaharibu mshipa mkubwa wa mguu, na mtoto anabaki kuchechemea. Tena kuna damu ya mtu mwingine. Mwaka 1976 huko Yambuku, kaskazini ya inchi yetu, hospitali ilitoa sindano 5 tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote, zikasuuzwa kwa maji kati ya mtu na mtu. Ugonjwa wa Ebola, ambao hakuna aliyeujua wakati ule, ulipita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati yao walikuwamo wamama waliokuja kupima mimba tu, kama ninyi leo.

Ukitumwa kwa munganga wa sindano ya kisogo, umwambie kama una mimba, kama dawa ya meno iliwahi kukusumbua, kama unameza dawa ya kufanya damu nyepesi. Uone sindano mpya ikitolewa katika karatasi yake mbele ya macho yako. Kisha ulale kidogo, maana kizunguzungu kinaweza kuja. Siku ile usibebe kitu kichwani: kisogo chenye ganzi hakisikii uzito.